Kichujio Kitupu Kwanza: Namna ya Kupima Metali katika Vumbi la Hewani

Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi ubavuni mwa makazi ya Owino Uhuru, Mombasa. Kikafungwa mwaka 2014. Kuanzia miaka hiyo Phyllis Omido, mama aliyekuwa ameajiriwa humo na ambaye mtoto wake alikutwa na metali ya risasi mwilini, aliwaongoza majirani kuandamana, kuandika barua na hatimaye kwenda mahakamani. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaiondoa fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Risasi ilionekana katika damu ya watoto na katika udongo wa nyua zao. Tatizo ni kwamba risasi ikionekana katika damu imekwisha kuingia mwilini, na ubongo wa mtoto hauzirudishi siku zilizopita. Hewa ndiyo inayopaswa kupimwa mapema, tanuri lingali linawaka, na ndiyo ambayo mara nyingi haipimwi kwa sababu watu hudhani ni kazi ya wageni wenye mashine za mamilioni. Sivyo. Sehemu ngumu ya kazi hii haihitaji mashine hata moja. Inahitaji mikono safi, daftari na uvumilivu, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya yeyote aliye tayari kuvitoa hivyo: mwanafunzi wa uzamili, fundi wa maabara, ofisa mazingira wa kaunti au halmashauri, kikundi cha wakazi kilichopata mtaalamu wa kukisaidia.

Anza kwa kufahamu udogo wa kitu unachokitafuta. Marekani inataka risasi hewani isizidi maikrogramu 0.15 katika kila mita ya ujazo, wastani wa miezi mitatu. Kiwango hicho kiliwekwa mwaka 2008, kikiwa sehemu moja ya kumi ya kile cha mwaka 1978. Umoja wa Ulaya uliweka maikrogramu 0.5 kwa wastani wa mwaka, na kwa metali nyingine ukashuka hadi nanogramu: arseniki 6, kadimiamu 5, nikeli 20. Nanogramu moja ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Kidole chako kikigusa kichujio, kinaweza kuacha metali nyingi kuliko zile ambazo hewa ya siku nzima imeziweka.

Mwanasayansi aliyeufundisha ulimwengu jambo hili ni Clair Patterson wa California. Alikuwa akipima risasi ndani ya vimondo ili ajue umri wa dunia, na majibu yake hayakutulia mpaka alipotambua kwamba risasi ilikuwa ikiingia kutoka kila mahali: hewa ya chumba, vumbi, kemikali zilizouzwa kama safi, ngozi na nywele za watu. Akajenga maabara safi kuliko zote za wakati wake, akaupata umri wa dunia, miaka bilioni 4.55, kisha akaitumia elimu ileile kupinga petroli yenye risasi. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli hiyo mwaka 2006. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani kuiuza, mpaka mwaka 2021. Kwa hiyo risasi mpya unayoikuta hewani leo haina tena kisingizio cha petroli ya magari. Ina mahali inapotoka, na kazi yako ni kupaonyesha.

Jiulize swali moja kabla ya kununua chochote

Usiseme tu unataka kupima uchafuzi wa hewa. Sema: je, kiwanda hiki kinaongeza risasi katika hewa ya shule iliyo ng'ambo ya barabara? Au: meli zinazotia nanga Kilindini zinachangia kiasi gani cha vumbi laini linalofika Likoni? Swali ndilo litakaloamua utafute metali zipi. Kwenye tanuri la betri tafuta risasi pamoja na antimoni na arseniki, kwa kuwa hizo huchanganywa katika bamba za betri. Kwa meli na mitambo inayochoma mafuta mazito, tafuta vanadiamu na nikeli zikiwa pamoja. Breki za magari huacha shaba, antimoni na bariamu. Matairi huacha zinki. Wachomeleaji wa jua kali hutoa chuma na manganisi, na wakichomelea chuma kisichoshika kutu hutoa kromiamu na nikeli. Aluminiamu, silikoni na titani ni udongo wa kawaida. Usiziache nje ya orodha, maana utazihitaji mwishoni.

Amua pia ukubwa wa chembe. PM10 ni chembe zenye kipenyo kisichozidi maikromita 10, na PM2.5 ni zile laini zaidi zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Moshi wa tanuri hutokana na metali iliyogeuka mvuke kisha ikaganda, kwa hiyo huwa laini. Vumbi la barabara ni kubwa. Lakini kwa risasi Marekani hupima vumbi lote, kubwa na dogo, na sababu yake ina maana kwetu: mtoto anayecheza chini hula vumbi kwa mikono yake, na vumbi kubwa linalodondoka uani ni lake pia.

Yapo mambo mawili ya kujihadhari nayo. La kwanza ni zebaki. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita, Chunya au Migori wanapochoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki, zebaki huruka ikiwa mvuke na kupita katika kichujio kana kwamba hakipo. Ukipeleka kichujio maabara utaletewa namba ndogo, na namba hiyo itawadanganya watu kwamba wako salama. Mvuke wa zebaki una vifaa vyake vya kuunasa. Tumia hivyo au usiseme lolote juu ya zebaki. La pili linahusu vitambuzi vya bei nafuu ambavyo siku hizi vimetundikwa Nairobi, Kampala na kwingineko. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umefanya kazi kubwa ya kuvisambaza, nami naisifu kwa dhati. Hata hivyo vitambuzi hivyo huhesabu jinsi vumbi linavyotawanya mwanga. Haviwezi kutofautisha risasi na unga wa mahindi. Vitumie kujua saa ambazo vumbi hupanda, kisha weka kichujio katika saa hizo.

Mahali pa kuweka pampu

Watu wa pwani wana faida kubwa hapa, kwa sababu upepo wetu una tarehe. Kaskazi huvuma takribani Desemba hadi Machi, ukitoka kaskazini-mashariki. Kusi hushika kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, ukitoka upande wa kusini. Katikati kuna maleleji, upepo unapokuwa haujaamua. Basi wakati wa kusi pampu ya kunasa moshi wa kiwanda iwe kaskazini yake, na wakati wa kaskazi iwe kusini-magharibi. Kila mara weka na pampu ya pili upande unakotoka upepo. Bila hiyo ya pili utapata namba, lakini hutaweza kuthibitisha kwamba metali imetoka kiwandani na si kwingine. Wakili wa kiwanda ataliona pengo hilo kabla yako.

Kumbuka pia kwamba mchana upepo hutoka baharini na usiku hurudi kutoka nchi kavu. Tanuri linalowashwa usiku wa manane linaweza kupeleka moshi upande usioutazamia. Zungumza na wazee na walinzi wa usiku wa mtaa huo kabla ya kuchagua mahali. Wao ndio wanaojua harufu hufika kwa nani na saa ngapi. Ukiweza, funga kipimo kidogo cha mwelekeo wa upepo palepale penye pampu na urekodi kila saa.

Mdomo wa pampu uwe kwenye kimo cha pua ya binadamu au juu kidogo, mita 1.5 hadi 4 kutoka ardhini, mbali na kuta na matawi ya miti. Paa la mabati linavutia kwa sababu ni salama dhidi ya wezi, lakini bati limepakwa zinki, na likianza kuchakaa zinki hiyo itakuwa kwenye kichujio chako. Rangi za zamani zinazobambuka zinaweza kuwa na risasi. Jiko la mkaa la mama lishe, uwanja wa kupaki bodaboda, gereji ya kuchomelea: ama uviepuke, ama uviandike katika daftari na umbali wake kwa hatua.

Umeme ni shida inayojulikana. Wengi hutumia betri ya gari ikichajiwa na sola, na ndiyo njia ninayoipendekeza penye umeme wa kukatika. Lakini fikiria: unatafuta nanogramu za risasi, na umebeba kilo kadhaa za risasi mkononi. Betri ikae ndani ya sanduku lake lililofungwa, mita kadhaa kutoka penye pampu. Anayeshika nyaya za betri asishike kichujio siku hiyo. Kama mko wawili, gawaneni kazi hivyo na msibadilishane. Jenereta ni baya zaidi, usiliwashe jirani na pampu. Pampu zenyewe pia zina aibu yake: mota za aina ya brashi hutapika vumbi la shaba, kwa hiyo pumzi ya mota ipelekwe mbali kwa bomba, ama utumie mota isiyo na brashi.

Kichujio na mikono yako

Kwa kazi ya metali napendelea kichujio cha teflon cha milimita 47. Huja kikiwa na metali kidogo sana na kinafaa kwa njia zote za kupimia. Kichujio cha nyuzi za kwatzi kinafaa pia, hasa kwa pampu kubwa. Vya nyuzi za kioo cha kawaida viache. Kioo chenyewe kina metali nyingi, na hakuna hesabu itakayokuokoa.

Mwendo wa kawaida wa pampu ndogo ni lita 16.7 kwa dakika, yaani mita moja ya ujazo kwa saa, kwa hiyo siku nzima huvuta takribani mita 24. Zipo ndogo zaidi za lita 5 kwa dakika zinazovuta mita 7.2 kwa siku, na zipo kubwa zinazovuta zaidi ya mita 1,500. Kadiri hewa inavyokuwa nyingi ndivyo metali inavyokuwa rahisi kuonekana, na nitaonyesha kwa hesabu baadaye.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kazi yenyewe. Katika kila vichujio kumi, kimoja kiende hadi mtaani, kitolewe ndani ya kisahani chake, kifungwe kwenye pampu, kisha kifunguliwe na kurudishwa bila pampu kuwashwa hata sekunde moja. Kifanyiwe kila kitu wanachofanyiwa wenzake isipokuwa kuvuta hewa. Hicho ndicho kichujio kitupu cha uwandani. Chochote kitakachokutwa juu yake hakikutoka hewani. Kilitoka kwako, kwenye gari, kwenye kisahani au kiwandani kilikotengenezwa. Weka na vingine vitupu ambavyo havitoki maabara kabisa, ili ujue uchafu uliingia hatua gani. Nikipewa pesa za vichujio thelathini tu, nitavuta hewa kwa ishirini na tatu na saba vibaki vitupu, hata kama mfadhili atalalamika kwamba nimepoteza. Vichujio thelathini bila kitupu hata kimoja ni namba thelathini ambazo huwezi kuzitetea mbele ya yeyote.

Shika kichujio kwa kibano cha plastiki au kilichofunikwa kwa teflon. Kibano cha chuma kisichoshika kutu kina kromiamu na nikeli, metali mbili ambazo huenda unazitafuta. Glovu ziwe za naitrili zisizo na unga, maana unga wa glovu za mpira mara nyingi una zinki. Vua pete. Na hili nawaambia wenzangu wa pwani bila kificho: aina fulani za wanja wa asili hutengenezwa kwa jiwe lenye risasi. Siku ya kazi usipake, na usijiguse uso.

Vyombo vyote vya plastiki vitakavyogusa kichujio au asidi, viloweke usiku kucha katika asidi ya nitriki ya asilimia 10, kisha visuuze mara tatu kwa maji yaliyoondolewa ayoni. Maji ya chupa ya dukani hayatoshi. Vianike ndani ya kabati lililofungwa, kamwe visianikwe dirishani.

Siku ya kuvuta hewa, pima mwendo wa pampu mwanzoni na mwishoni kwa kipima mtiririko kilichohakikiwa. Andika saa ya kuwasha, saa ya kuzima na, lililo muhimu kuliko yote, muda ambao pampu ilifanya kazi kweli. Pampu nzuri ina saa inayohesabu dakika za kazi tu, kwa hiyo umeme ukikatika utajua. Usiokoteze siku kwa kubahatisha wala kwa kuangalia siku ambazo moshi umezidi. Ratiba ya siku moja katika kila sita ni ya zamani na ni nzuri: baada ya vichujio saba utakuwa umeigusa kila siku ya juma, Ijumaa na Jumapili zikiwemo. Endelea katika kusi na katika kaskazi, kiangazi na masika, kwa kuwa mvua kubwa huosha hewa na mwezi wa Mei peke yake utakupa picha nzuri kuliko hali halisi.

Kama unataka pia uzito wa vumbi, vichujio vipimwe kabla na baada, vikiwa vimekaa siku nzima katika chumba chenye joto na unyevu usiobadilika. Kwa hewa ya pwani, ambako chumvi ya bahari hunyonya maji, hilo si rahisi. Lakini kama swali lako ni metali kwa mita ya ujazo, uzito wa kichujio hauhitajiki. Watu wengi huahirisha kazi kwa kukosa mizani ya maikrogramu ambayo wala hawakuihitaji.

Ndani ya maabara

Zipo njia mbili kuu, na uchaguzi hutegemea kilichopo karibu. Ya kwanza ni eksirei, inayoitwa XRF. Kichujio hupigwa mionzi, kila metali hurudisha mwanga wake, na kichujio hubaki kizima. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nyuklia ya Chuo Kikuu cha Nairobi imeitumia kwa vichujio vya hewa kwa miaka mingi. Ni njia ya haraka, haina asidi, na inaona aluminiamu na silikoni za udongo. Udhaifu wake ni kwamba mstari mkuu wa risasi na mstari mkuu wa arseniki hukaa mahali pamoja katika eksirei. Penye risasi nyingi, kama jirani na tanuri la betri, namba ya arseniki kutoka XRF usiiamini mpaka ithibitishwe kwa njia nyingine.

Ya pili ni kuyeyusha chembe katika asidi na kupeleka maji hayo kwenye ICP-MS, mashine inayochoma sampuli ndani ya plazima ya gesi ya agoni yenye joto la maelfu ya digrii, kisha kutenganisha atomu kwa uzito. Kiwango cha Ulaya cha kazi hii, EN 14902, hutumia asidi ya nitriki pamoja na haidrojeni peroksidi ndani ya oveni ya maikrowevu ya maabara yenye vyombo vya kuhimili shinikizo. Nasisitiza, ya maabara. Maikrowevu ya jikoni italipuka na kukuachia asidi usoni. Teflon haipendi maji na itaelea; ilowanishe kwanza kwa matone ya ethanoli, uhakikishe ethanoli imekwisha kuruka kabla ya kumimina asidi.

Nitriki peke yake huitoa risasi, kadimiamu na zinki vizuri. Haiyeyushi mchanga, kwa hiyo aluminiamu, titani na sehemu ya kromiamu hubaki chini. Anayezitaka zote hulazimika kutumia asidi ya haidrofloriki. Asidi hiyo hupenya ngozi bila maumivu ya mara moja na kushambulia kalsiamu ya damu na mifupa. Isiguswe na mtu ambaye hajafundishwa, wala mahali pasipo na jeli ya kalsiamu glukonati. Kwa kazi nyingi za risasi huihitaji. Pima metali za udongo kwa XRF kwanza, kisha yeyusha kichujio hichohicho.

Wa pwani, sikilizeni hapa. Kichujio cha Mombasa, Tanga au Unguja kimejaa chumvi ya bahari, na chumvi ina klorini. Ndani ya plazima klorini hushikana na agoni na kuzaa kitu chenye uzito wa 75, sawasawa na arseniki. Ikishikana na oksijeni huzaa uzito wa 51, sawasawa na vanadiamu. Yaani bahari inaweza kukuzulia sumu ambayo haipo na moshi wa meli ambao haukupita. Iulize maabara yako kama mashine ina chumba cha kugongesha kwa gesi ya heliamu na kama kimewashwa kwa vipimo vyako. Wakikujibu kwa kigugumizi, peleka sampuli kwingine. Kwa risasi, wajumlishe uzito wa 206, 207 na 208, kwa sababu risasi za machimbo tofauti hazina uwiano mmoja.

Mtumie mkemia wako pia vumbi lenye majibu yanayojulikana. Taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, huuza vumbi la mjini lenye namba SRM 1648a, ambalo risasi yake ni asilimia 0.655. Liyeyushwe pamoja na vichujio vyako, siku ileile, kwa asidi ileile. Maabara ikirudisha chini ya asilimia 85 ya risasi inayojulikana kuwamo, au zaidi ya 115, kundi zima lirudiwe. Vumbi hilo ni ghali, lakini gramu chache hudumu kwa muda mrefu.

Hesabu

Tuseme sampuli iliyeyushwa ikawa mililita 25, na mashine ikasoma maikrogramu 12 za risasi kwa lita. Zidisha 12 kwa lita 0.025: ni maikrogramu 0.3, yaani nanogramu 300 kwenye kichujio chote. Vichujio vitupu vya uwandani vilitoa wastani wa nanogramu 10. Toa: zinabaki 290. Pampu ilivuta mita 24. Gawanya: nanogramu 12 kwa mita ya ujazo.

Sasa tuseme umeme ulikatika na pampu ikafanya kazi saa 17 tu. Metali ni ileile, 290, lakini hewa ni mita 17, na jibu ni nanogramu 17. Asiyetazama saa ya pampu ataandika 12 na kuwapunguzia wakazi karibu theluthi moja ya risasi waliyoivuta.

Vitupu hivyohivyo hukupa na kikomo cha kuona. Chukua mtawanyiko wa namba zake (mkengeuko sanifu), zidisha kwa tatu. Ukiwa nanogramu 3, kikomo ni 9 kwenye kichujio. Kwa mita 24 ni nanogramu 0.4 kwa mita ya ujazo, na kwa pampu ya lita 5 yenye mita 7.2 ni 1.25. Jibu lililo chini ya kikomo liandikwe hivyo, chini ya kikomo, wala lisiandikwe sifuri.

Kusoma namba

Namba ya siku moja hailinganishwi na kiwango cha mwaka. Nanogramu 600 za risasi Jumanne hazivunji kiwango cha Ulaya cha wastani wa 500 kwa mwaka, ila zinakuambia kuna jambo Jumanne. Ziweke kando ya mwelekeo wa upepo wa siku hiyo na ya pampu iliyokuwa upande wa pili. Tofauti kati ya pampu mbili ikijirudia kila upepo unapotoka kiwandani, na kutoweka upepo unapogeuka, umepata ushahidi wenye nguvu kuliko namba yoyote kubwa iliyosimama peke yake.

Ili kujua kama metali ni ya udongo au ya binadamu, linganisha na aluminiamu. Katika tabaka la juu la dunia aluminiamu ni kama asilimia 8 na risasi ni kama sehemu 17 katika milioni, yaani uwiano wa takribani 0.0002. Kichujio chenye nanogramu 12 za risasi na 600 za aluminiamu kina uwiano wa 0.02, mara mia moja zaidi. Ikizidi mara kumi tayari udongo hauwezi kulaumiwa. Lakini usitumie namba za vitabuni kwa upofu. Udongo mwekundu wa bara una aluminiamu tele. Ardhi ya matumbawe ya pwani ni chokaa, aluminiamu yake ni kidogo. Chota udongo wa mahali hapohapo, mbali na kiwanda, upimwe pamoja na vichujio. Na kama aluminiamu ilipimwa kwa nitriki pekee, itakuwa pungufu na uwiano utavimba bila haki. Kosa hilo likigunduliwa na upande wa pili, kazi yako yote itatiliwa shaka.

Pale ambapo tanuri limekwisha kufungwa, hewa ya leo inaweza kuwa safi huku uani mkiwa na risasi ya miaka iliyopita, kwa sababu risasi haiozi. Hapo peleka nguvu kwenye udongo, vumbi la darini na damu ya watoto, na usiruhusu mtu yeyote atumie vichujio vyako vya leo kusema kwamba jana hapakuwa na kitu.

Wakazi walioruhusu pampu ikae nyumbani kwao wapewe majibu kabla ya jarida lolote na kabla ya gazeti, kwa lugha yao, pamoja na jina la kituo cha afya kinachoweza kupima damu. Nakala iende kwa mamlaka ya mazingira, NEMA kwa Kenya au NEMC kwa Tanzania, ikigongwa muhuri wa kupokelewa.

Mwisho, bakiza ushahidi: kabla ya kuyeyusha, vichujio vya kwatzi vikatwe nusu kwa kisu cha kauri. Kwa vya teflon, ambavyo havikatiki vizuri, endesha pampu mbili sambamba angalau siku moja katika kumi. Nusu au pacha huyo hubaki ndani ya kisahani kilichofungwa kwa utepe, kikiwa na namba, tarehe, mahali na sahihi ya kila aliyekishika, tangu aliyekitoa kwenye pampu hadi mpokeaji wa maabara. Kesi ya Owino Uhuru ilichukua miaka mingi kufika mwisho. Hifadhi visahani hivyo kwa muda kama huo, na daftari la uwandani likae pamoja navyo kwenye sanduku moja.